Alama ya Vema kwa Kiti Kitupu

Nyumba namba 14,
Mtaa wa Alder,
Corbin Flats, Washington.

9 Januari 2019

Mpendwa mdogo wangu Fuatino,

Kwanza afya yako. Miguu imepungua kuvimba, au bado unasimama jikoni kutwa nzima kana kwamba nyumba haina watu wengine wenye mikono? Na Iosua je, kifua chake kimetulia? Anakunywa dawa zake sawasawa, au bado anazificha chini ya mto ili aonekane mzima mbele ya wazee wenzake wa kanisa? Nakuombea mvua za mwezi huu zisiwe zimeingia tena kwenye chumba cha nyuma. Bati lile nililikemea tangu nikiwa msichana.

Mimi huku ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu, ukiacha hili goti langu la kulia ambalo siku hizi lina ratiba yake lenyewe. Theluji imefika dirishani. Jumamosi nilipata dukani majani ya taro, yale magimbi ya kwetu, mabovu mabovu yenye bei ya dhahabu, nikayanunua hivyo hivyo, nikayapika palusami kwa tui la kopo. Haikuwa palusami. Tuliila, mimi na mwanao, mpaka ikaisha.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia, wakati kila Jumapili baada ya ibada tunaongea kwa simu mpaka masikio yanawaka moto. Nitakwambia ukweli. Jumapili tatu zilizopita nilipiga simu nikiwa nimekusudia kukueleza jambo. Kila nikisikia ile sauti yako, "Eeh, dada, umekula?", naishia kukuuliza habari za nguruwe. Mara ya mwisho nimekuuliza kuhusu nguruwe mmoja mara mbili, ukanicheka ukasema uzee unanijia kwa kasi. Haukuwa uzee. Kwenye karatasi huwezi kuniuliza kama nimekula, kwa hiyo nitamaliza ninachotaka kusema.

Ni habari za Falaniko, na ni habari zangu.

Najua mlivyoambiwa. Kwamba wachezaji wanne wameacha timu kwa sababu za masomo, na mwanao ni mmoja wao. Gazeti la hapa liliandika hivyohivyo, majina manne na "sababu za masomo", basi. Nililiona dukani nikiwa kwenye foleni, na mama aliyekuwa mbele yangu akatikisa kichwa akasema, "Wavulana hawa wanapewa kila kitu mikononi." Nikaitikia kwa kichwa, Fuatino. Nikatikisa kichwa pamoja naye.

Tena najua Iosua ameambiwa zaidi ya hayo: kwamba mtoto alikuwa akidanganya, akijifanya yuko darasani kumbe hayuko, na kwamba mimi ndiye niliyedanganywa. Ulinisimulia mwenyewe kwamba Iosua amesema mtoto aliyemchezea mama yake mkubwa hana neno la kusema mbele yake, akirudi akae kimya mpaka aambiwe vinginevyo. Ulilia kwenye simu ukaniomba mimi nimsamehe. Wewe ukaniomba mimi msamaha. Nikakwambia, "Yameisha, mdogo wangu."

Sasa nisikilize.

Kazi yangu mnaijua kwa jina tu, maana kwenu huwa naleta sifa bila maelezo. Mimi ni mkaguzi wa mahudhurio wa timu. Vijana wa mpira huu wa Kimarekani hawaaminiki kwenda darasani wenyewe, kwa hiyo chuo kinatuajiri watu kama mimi kuzunguka majengo na orodha. Nafika mlangoni, nachungulia kwenye kile kioo chembamba, namtafuta kijana wangu kati ya vichwa vya wengine. Yupo, naweka alama ya vema. Hayupo, naacha wazi. Hapo panapoachwa wazi ndipo kazi inapoanza. Pakiwa wazi mara moja, wachezaji wote wa nafasi yake wanakimbia ngazi za uwanja alfajiri, na hakuna anayechukiwa kama yule aliyewakimbizisha wenzake. Mara ya pili anapelekewa mwalimu wa kukaa naye. Mara ya tatu kocha anapiga simu nyumbani, anaongea na baba.

Waliniajiri kwa sababu wana vijana tisa wa kwetu kwenye kikosi. Bi Marlys, bosi wangu, alisema anataka mtu ambaye wale majitu watamwogopa kama mama yao. Na waliniogopa kweli. Nilikuwa nikionekana tu mwisho wa ukumbi, kijana wa kilo mia na arobaini anavua kofia na kuzima simu. Mwaka juzi Falaniko alipofika, Marlys aliniuliza kama huyu ni ndugu yangu, ili ampe mkaguzi mwingine, maana ndugu hakagui ndugu. Nikamjibu, "Marlys, wote hawa ni wanangu. Ukianza kutugawa utabaki na nani?" Akacheka, akaona ni maneno ya kupendeza ya watu wa visiwani. Nami nikacheka, nikajua nimekwepa swali.

Mwaka wa kwanza sikumwonea huruma. Mwulize. Alichelewa dakika nne kwenye hesabu, nikamwacha wazi, akakimbia ngazi na wenzake wakamtukana wiki nzima. Aliponijia Jumapili kula, nilimjazia sahani wala sikumwomba radhi.

Kisha ukaja Septemba hii iliyopita. Alikuwa na somo la uandishi, Jumanne na Alhamisi, ghorofa ya tatu ya jengo la zamani lisilo na lifti. Wiki ya tatu nilipanda, nikachungulia, kiti chake kitupu. Nilimkuta chini, nyuma ya jengo, amekaa kwenye ngazi za zege na lile begi lake magotini.

"Wewe, mbona uko huku?"

"Nilikuwa chooni, Mamkubwa."

"Choo cha jengo hili kiko ghorofa ya pili. Nakijua kuliko unavyokijua."

Akatabasamu kidogo, akaangalia viatu. "Leo tu. Tafadhali."

Wiki hiyo, Fuatino, ndiyo wiki ambayo Iosua alikuwa anasimikwa ushemasi. Mlikuwa mmeshashona nguo nyeupe, umenitumia picha. Ni kweli simu hupigwa mara ya tatu tu, lakini akilini nikaiona ikilia nyumbani kwenu katikati ya mambo yale, kocha mzungu anamweleza Iosua kwamba mwanawe haendi darasani, na kile kifua chake. Nikajisemea, si wiki hii. Nikaweka vema. Mbele ya macho ya mtoto mwenyewe, nikaweka vema, na nikampiga kikonzi cha upendo nikaenda zangu.

Siku iliyofuata ya somo lile sikupanda. Goti lilikuwa linauma, hilo ni kweli. Nilisimama chini kwenye mlango mkubwa nikaweka vema nikitazama juu. Jumanne nyingine goti halikuuma na sikupanda vilevile. Nikipanda nitakiona kiti, na nikikiona itabidi nifanye kitu. Basi nikawa sipandi. Kuanzia Septemba hadi muhula ulipokwisha, sikuipanda ngazi ile hata mara moja, na mwanetu kwenye orodha yangu hakukosa kipindi hata kimoja.

Huwa tunasema kwetu kwamba aibu ya mmoja inafunikwa na shuka la wote. Nimekuwa nikijitetea kwa msemo huo. Lakini shuka hilo ni la kumfunika mtu aliyekwisha kuanguka, na mimi nilimfunika wa kwangu angali anaanguka, watu wasione wakamdaka.

Halafu wenzake wakajua. Vijana hawafichwi kitu. Penieli, yule mtoto wa kule kijijini Tafuna mwenye meno ya mbele yaliyoachana, alinisubiri nje ya ofisi siku moja.

"Mamkubwa, nasikia siku hizi macho yako yanaona mpaka kupitia sakafu."

"Nani kakwambia upuuzi huo?"

"Sijasema kitu mimi. Nasema tu nami nina somo lile lile. Mamkubwa Vema, si wote ni wanao?"

Maneno yangu mwenyewe, Fuatino, aliyasikia wapi sijui. Nikamwandikia. Baada yake wakaja wengine wawili, mmoja wa Tacoma na mmoja wa hapahapa mjini. Nikawaandikia nao, maana nikimkatalia mmoja atasema. Mpaka Oktoba jina la Mamkubwa Vema lilikuwa linaitwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, na mimi nikipita wananishangilia. Nilijichekesha nao. Nilitembea nimenyoosha shingo kama mtu anayependwa.

Matokeo yalitoka katikati ya Desemba. Mhadhiri yule ana sheria yake, ukikosa vipindi vingi hakuna maswali, umefeli. Wote wanne walifeli, na Falaniko somo jingine likamporomokea juu yake, wastani ukashuka chini ya ule unaoruhusu mtu kucheza. Kocha akaleta orodha zangu. Akaleta na za mhadhiri. Hazikufanana hata kidogo.

Tuliitwa kwenye kikao. Kocha Brandvold, Bi Marlys, bwana mmoja wa ofisi ya masomo, na mimi nimekaa pembeni na tableti yangu mapajani. Wavulana waliitwa mmojammoja na Falaniko akawa wa kwanza. Aliingia amevaa lile shati jeupe ulilomshonea na kujifunga lavalava kiunoni, kama anakwenda kanisani. Akasubiri aambiwe akae. Hakuna aliyemwambia, maana hawajui, kwao mtu anakaa tu. Akasimama mwanzo hadi mwisho.

Kocha akasema, "Orodha hii inasema ulikuwepo kila siku. Mhadhiri anasema tangu Septemba hajakuona. Kuna mtu mwongo hapa. Ni nani?"

"Ni mimi, kocha."

"Kivipi?"

"Nilikuwa nakaa kiti cha karibu na mlango mpaka Mamkubwa apite. Akishapita natoka. Niliwafundisha na wenzangu."

"Kwa hiyo huyu mama anapanda ngazi na goti lake bovu, wewe unamfanya mjinga?"

"Ndiyo, kocha."

Hakunitazama. Alizungumza akiangalia ukuta, bila kigugumizi, mtu aliyepanga maneno yake tangu nyumbani. Kocha akanigeukia mimi na uso wa huruma. Akasema, "Pole sana, mama. Hili si kosa lako."

Nami nikasema, "Asante."

Ndilo neno nililosema. Nimelitafuta kila namna nione kama labda nilisema jingine. Nilisema asante, na mtoto wako akatolewa nje.

Walimwambia anaweza kubaki chuoni bila kucheza, apandishe wastani, warudie kumfikiria. Waliambiwa wote hivyo. Wale watatu walikataa kwa hasira zao. Falaniko naye akakataa, na sikuelewa kwa nini, kwa sababu yeye si mtoto wa hasira. Alihamia kwangu na masanduku yake. Alikuwa akiosha vyombo, akizoa theluji mlangoni, akiniambia kaa, Mamkubwa, goti lako. Kila nikimwona ameinama na lile koleo, najihisi nimeiba.

Juzi nilimkuta anapanga nguo. Nikakaa kitandani kwake, nikamuuliza kwa nini hakubaki asome.

"Nikibaki watachunguza," akasema. "Marlys si mjinga. Angeuliza mlango wa lile darasa uko upande gani."

"Uko upande gani?"

Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Uko mbele kabisa, Mamkubwa, karibu na ubao. Hakuna mtu angeweza kutoka bila mhadhiri kumwona. Hujawahi kuingia mle?"

Nilikuwa nimechungulia mara chache tu mwanzoni, hata nisikumbuke. Nikamuuliza basi lile jingine, lile nililotakiwa kumuuliza Septemba pale kwenye ngazi za zege, badala ya kumpiga kikonzi. Kwa nini hukuwa unakwenda?

Mwanzo alicheza na zipu ya begi. Kisha akanieleza. Mhadhiri alikuwa akiwataka kila Jumanne wasimame wasome walichoandika. Wiki ya pili wakaambiwa waandike juu ya nyumbani. Falaniko akaandika kwamba ana mama wawili, mmoja aliyemzaa yuko kijijini kwetu Leone, na mmoja yuko hapa, ndiye anayempikia Jumapili na kumgombeza. Akaisoma mbele ya darasa. Mhadhiri akamsimamisha akamuuliza yupi ndiye mama wa kweli. Akajibu, wote. Akamwambia chagua neno sahihi, kwa Kiingereza huyo wa pili si mama, na sentensi haieleweki. Akajibu tena, wote ni mama. Basi mmoja nyuma akasema kumbe ndiyo maana ni mkubwa hivi, kanyonya kwa wawili, na darasa zima likaangua kicheko, na mhadhiri naye akatabasamu.

"Ningeweza kubadilisha neno tu," aliniambia. "Ilikuwa neno moja. Lakini nikaona nikilibadilisha nitakuwa nimekukana. Halafu Jumanne iliyofuata miguu ikakataa kupanda."

Fuatino, ndugu yangu. Mtoto aliniita mama mbele ya watu ishirini, akachekwa, akakataa kulirudisha neno. Mimi mbele ya watu watatu nilishindwa kusema kwamba sikupanda ngazi.

Na kazi yangu ilikuwa hiyo tu. Ningemwacha wazi siku ile ya kwanza angekimbia ngazi, wenzake wangemnunia, mara ya pili angepelekewa mwalimu wa kukaa naye, na mwalimu angemuuliza nini kimekusibu, na angesema. Ni kijana wa kusema, akiulizwa. Vema zangu ndizo zilizohakikisha haulizwi na mtu yeyote.

Simwondolei lake. Aliacha darasa kwa miguu yake mwenyewe, akakaa kimya miezi mitatu, akala chakula changu kila Jumapili akiniambia masomo yanakwenda vizuri. Hilo mkemeeni, ni haki yenu. Lakini udanganyifu ule aliosimulia kikaoni haukuwepo. Hakukaa karibu na mlango. Hakunichezea. Hakuwafundisha wenzake kitu. Aliutunga wote chumbani kwake ili mama yake mkubwa asifukuzwe kazi, na mimi nikaupokea kama mtu anayepokewa mzigo.

Jana asubuhi nilikwenda kwa Bi Marlys nikamwambia yote, nimesimama. Nilimwambia na habari ya wale watatu, maana nao wana mama zao. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Akaniuliza, "Kwa nini hukusema siku ile, Ailini? Ulikuwa umekaa hapo hapo." Akaniomba funguo na tableti. Hakunifokea. Ningependa angenifokea.

Alama hazibadiliki, alisema, aliyefeli amefeli. Ila lile lililoandikwa kwenye faili la Falaniko, kwamba alimdanganya mtumishi wa chuo kwa makusudi na kuwashawishi wengine, litafutwa, na kocha ataandika barua nyingine ya kumweleza vizuri. Kwa lile la kwanza hakuna chuo kingemfungulia mlango. Kwa hii ya pili wapo watakaompokea, asome kwanza, kisha acheze akijaliwa. Kwa hiyo usikubali Iosua ampeleke kwenye kiwanda cha samaki mwezi huu kama alivyosema. Mpeni hadi Agosti, vyuo vinapofunguliwa.

Mwenyewe hajui lolote katika haya. Hajui kwamba nimekwenda kwa Marlys, na barua hii aliyokuletea mkononi nimemwambia ni mambo ya kina mama wa kanisa, kwa hiyo naamini hata bahasha hakuigeuza. Akijua atasema nimeyatunga ili kumwosha. Atakutazama usoni na kukuapia kwamba ni yeye aliyenidanganya, na ana kipaji cha kusema hivyo, mimi nimemwona. Usimwamini. Mara hii tu, kati ya mwanao na mimi, mwamini mimi.

Kuhusu mimi usihangaike. Kuna mama wa kanisani anayesema wanatafuta mpishi kwenye shule ya watoto, goti litavumilia. Sina cha kukuomba kwa ajili yangu. Hata msamaha siuombi kwa barua, nitakuja kuuomba nikiwa nimekaa chini mbele yenu, kama inavyopasa, na kama mtaniacha nikae hapo mpaka jua litue mtakuwa na haki.

Nisalimie watoto, Sinapati na Lemuelu, mwambie Lemuelu buti nimezipata za saizi yake. Nisalimie mama mkwe wako, na wale wajane wawili wa jirani wanaoniombea bila kujua wanaombea nini. Iosua usimpe salamu zangu. Msomee barua hii yote, kwa sauti, usiruke pale nilipotia vema nikimuwazia yeye. Salamu nitampa mwenyewe akishazikubali. Mungu awafunike ninyi nyote, awape amani iliyonikimbia mimi, na atunze mikono yako iliyomlea mtoto kama huyu.

Jambo moja na nimalize. Unaposoma hapa najua bado yuko kwenye kizingiti na begi lake, kwa sababu baba yake hajamwambia kitu, na yeye hawezi kukaa bila kuambiwa. Weka karatasi chini, Fuatino. Mwambie mtoto akae.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Ailini